Barua ya wazi kwa Gavana wa Lualaba: hewa nayo ipimwe

Mheshimiwa Mama Gavana,



Pale kwenye soko la madini la Musompo, mchimbaji akishusha gunia kwenye depo, mnunuzi huelekeza kifaa kwenye jiwe, na papo hapo asilimia ya kobalti inajulikana. Hewa aliyoivuta mchimbaji huyo shimoni tangu alfajiri haina wa kuipima.

Nalisema hili kwa sababu mawe yetu yana uraniamu. Novemba 2018, kampuni ya Katanga Mining ilisimamisha kuuza nje kobalti ya mgodi wa Kamoto baada ya uraniamu kuonekana ndani yake. Mzigo ulizuiwa. Lakini mtaani Kasulo, ambako tangu 2014 watu wamechimba hadi chini ya nyumba zao, wapo wanaoficha magunia ya mawe uvunguni wasije wakaibiwa, na watoto wanalala juu yake.

Uraniamu huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu. Nje, upepo huitawanya. Ndani ya shimo refu au chumba kilichofungwa hujikusanya, na chembe zenye mionzi zinazotokana nayo hunata mapafuni na kuyadhuru kidogo kidogo. Saratani huja baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayelikumbuka shimo. Shirika la Afya Duniani linasema radoni ni ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu, na mvutaji sigara yumo hatarini zaidi. Kiwango linachopendekeza majumbani ni bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo. Ikishindikana, isizidi 300.

Sheria ya kujikinga na mionzi tunayo tangu Oktoba 2002. Kipimo chenyewe cha radoni ni kidude cha plastiki kinachoenea kiganjani, hakitaki umeme. Huachwa chumbani miezi mitatu, kisha husomwa maabara.

Tunaomba vipimo hivyo viwekwe Kasulo, Manika na Musonoi: majumbani, shuleni na mashimoni. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za mitaa, kwa Kiswahili. SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo, isimruhusu mtu kushuka shimo lisilo na mashine ya kusukuma hewa. Na magunia yatoke vyumba vya kulala leo hii; hilo halihitaji kusubiri maabara.

Wako katika ujenzi wa jimbo,
Mkaaji wa Manika, Kolwezi