Kombe kubwa si la roboti yenye nguvu, ni la waliofundisha wadogo

Habari ya roboti ikitajwa Goma au Bukavu, majibu huwa mawili. Wengine wanacheka na kusema hiyo ni michezo ya watoto wa Ulaya. Wengine, hasa wazazi waliokimbia vita na sasa wanalala na watoto sita katika chumba kimoja cha kupanga, wanauliza kwa uchungu: mtoto asiye na daftari atafanya nini na roboti?

Swali hilo ni la haki. Lakini jibu lake haliko ndani ya mashine. Liko katika kazi ambayo timu za wanafunzi hufanya pembeni ya mashine: kutoka katika shule yao, kwenda kwa wadogo zao, na kuwafundisha mpaka nao waweze kusimama peke yao.

Mashindano ya roboti yanayojulikana zaidi kwa wanafunzi wa sekondari ni yale ya shirika liitwalo FIRST. Mvumbuzi Dean Kamen alilianzisha Marekani mwaka 1989. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire, likiwa na timu 28 tu. Leo timu ni maelfu, kutoka nchi nyingi. Kila Januari wanafunzi wanaambiwa kazi ya mwaka huo: kurusha mipira, kupanga vitu, kupanda ngazi. Wanapewa majuma machache tu ya kuunda mashine inayoweza kufika kilo 50 na zaidi.

Mtu anayesikia hayo atadhani kwamba heshima ya juu inakwenda kwa roboti iliyoshinda uwanjani. Sivyo. Tuzo ya juu kabisa, ambayo zamani iliitwa Chairman's Award na sasa inaitwa Impact Award, inapewa timu iliyosaidia jamii yake zaidi. Waamuzi wanaketi na wanafunzi na kuuliza maswali. Mmefundisha nani? Mmesaidia timu ngapi kuanza? Wadogo mliowaanzisha bado wapo, au walitawanyika? Tena hawatazami kazi ya siku moja. Wanatazama miaka 3. Timu inaweza kuwa na roboti ya kawaida tu na bado ikabeba heshima hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna watoto wengine waliojifunza.

Sheria za mchezo wenyewe zinafundisha hivyo. Katika uwanja timu 3 zinacheza pamoja dhidi ya timu nyingine 3, na washirika wanabadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Yule unayepambana naye asubuhi anaweza kuwa mwenzako mchana. Ndiyo maana mtu akiona timu ngeni imekosa waya au mota imeungua, anaifungulia sanduku lake la vyuma. Ukimwacha jirani aanguke leo, kesho utacheza na jirani asiye na mguu. Wazee walishasema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuna atakayesema hayo yanawezekana Marekani tu, penye umeme na amani. Basi atazame Afganistani. Mwaka 2017, wasichana wa mji wa Herat walialikwa Washington katika shindano la FIRST Global, lililokusanya timu kutoka nchi zaidi ya 150. Walikataliwa viza mara mbili, ndipo wakaruhusiwa dakika za mwisho. Katika shindano hilo hilo kulikuwa na timu ya vijana wakimbizi iliyopewa jina Team Hope, yaani Timu ya Matumaini. Walishindana kama wengine.

Ugonjwa wa korona ulipofika mwaka 2020, wasichana hao wa Herat hawakusubiri mashine za kupumulia kutoka nje. Walijaribu kuunda moja kwa vipuri walivyovipata sokoni, ikiwemo mota ya gari aina ya Toyota Corolla na mnyororo wa pikipiki. Msomaji wa Goma anaelewa habari hiyo bila kuelezwa zaidi. Mji huu umejaa Toyota zilizokufa na pikipiki zinazotengenezwa kila asubuhi kando ya barabara.

Na Kongo yenyewe si mgeni wa roboti. Mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona roboti kubwa zinazotumia nguvu ya jua zikiongoza magari kwenye njia panda. Aliyeziunda ni mhandisi Mkongomani, mama Thérèse Izay Kirongozi. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba akili hiyo ni ya watu wa nje tu. Kwa upande wa malighafi, koltani ya Rubaya, katika Masisi, inaingia katika vipuri vidogo vya simu na kompyuta za dunia nzima. Kobalti ya Lualaba inaingia katika betri. Mtoto wa Masisi anakimbia na godoro kichwani, huku udongo wa kwao unaendesha mashine ambazo hajawahi kuzigusa. Hapo ndipo penye aibu. Wala aibu hiyo haitaondolewa na sanduku moja la zawadi.

Hapa inafaa kusema ukweli ambao wengi wanauzunguka. Familia za wahami zimeshazoea wageni wa siku moja. Gari linafika, watoto wanapangwa mstari, wanavalishwa fulana, picha zinapigwa, biskuti zinagawiwa, gari linaondoka. Baada ya juma moja kompyuta iliyoachwa imefungwa katika kabati la mkuu wa shule, na ufunguo hauonekani. Hiyo haistahili kuitwa mafundisho. Timu ya wanafunzi ikienda kwa wadogo kwa namna hiyo, hata kama ina nia njema, imefanya matangazo tu. Kipimo cha kweli ni kimoja: wakubwa wakiondoka, wadogo wanaweza kuendelea? Kama hawawezi, kazi haijafanyika.

Kwa hiyo swali la mzazi linarudi: mtoto asiye na daftari aanzie wapi? Aanzie bila mashine. Timu nyingi duniani zinaanza hivyo na wadogo. Mtoto mmoja anajifanya roboti. Wenzake wanamwongoza kwa maneno mafupi: hatua tatu mbele, geuka kushoto, simama, inua jiwe. Wakikosea amri moja, roboti inagonga ukuta na wote wanacheka. Kisha wanarudi nyuma kutafuta amri iliyokosewa. Hiyo ndiyo programu. Inahitaji kiwanja na mkubwa mwenye subira. Haihitaji hata sumni moja.

Siku ya pili wanaweza kuchukua chukudu. Mtoto wa Kivu anaijua: mti, gurudumu, na kipande cha mpira cha kukanyaga kwa mguu ili kupunguza mwendo. Kwa nini mzigo unawekwa hapa na si pale? Kwa nini mteremko wa Kibumba unahitaji breki kuliko barabara ya Sake? Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma fizikia anaweza kueleza hayo kwa Kiswahili, na mtoto wa darasa la tano ataelewa. Siku ya tatu ni redio mbovu, mota yake ndogo, betri na waya. Mafundi wa Birere wanatupa vitu hivyo kila siku.

Faida haiko kwa mdogo peke yake. Anayefundisha ndiye anayejua kwanza kwamba hakuwa ameelewa. Mwanafunzi wa ufundi aliyekariri somo la umeme kwa ajili ya mtihani wa taifa ataliona somo hilo upya siku mtoto wa miaka kumi atakapomuuliza kwa nini taa haiwaki. Na mtoto mhami anayefundishwa na kijana wa jirani, si na mgeni, anapata kitu ambacho msaada hauleti: mtu anayemjua kwa jina, atakayerudi Alhamisi ijayo.

Shule za ufundi za mkoa zinaweza kuanza mwaka huu wa masomo, bila kungoja mfadhili. Goma kuna mfano wa karibu: kituo cha Don Bosco Ngangi kimefundisha vijana ufundi kwa miaka mingi, na wakati wa vita kimepokea familia zilizokimbia ndani ya uwanja wake huo huo. Masomo na hifadhi vilikaa pamoja. Kila shule yenye kitengo cha umeme au makanika ingeweza kuchagua shule moja ya msingi na kuitembelea mara moja kwa juma, mwaka mzima. Wasichana wawe nusu ya wanaofundisha, ili wadogo wa kike wasihadithiwe tu kwamba inawezekana bali waone wenyewe. Watoto wahami wawe ndani ya kundi tangu siku ya kwanza. Na wakihama tena, maana Kivu watu wanahama tena, aliyejifunza abebe daftari la masomo na awe mwalimu huko anakokwenda.

Hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwanzoni mwa 2025 familia za kambi za kuzunguka Goma zililazimika kuondoka kwa haraka, nyingi zikiacha hata hema. Sanduku la roboti lingebaki pale, au lingeporwa. Lakini mtoto aliyejua kutoa amri sahihi kwa utaratibu, na aliyejua kumfundisha mwingine, angefika kijijini na vyote alivyo navyo.

Mashirika na viongozi wanaopenda kuzindua miradi wanaombwa jambo moja. Kabla ya kuuliza roboti inagharimu dola ngapi, waulize: nani atafundisha mwezi wa sita, wakati kamera hazipo? Kama jibu ni jina la mwanafunzi wa mtaa huo huo, basi mradi una mizizi. Kama hakuna jina, fedha hizo zilipe minervali ya watoto kumi, ingekuwa afadhali.

Wazazi nao wasimzuie kijana anayetaka kutumia saa mbili kwa juma na wadogo wa jirani. Hapotezi muda. Huko kwenye mashindano makubwa, kazi hiyo hiyo ndiyo inayopewa kombe la juu.