Tusikimbie Tone, Tukapofuka

Makala iliyowashauri wakazi wa kisiwa cha Manda waikatae dawa ya kupanua mboni wakati wa kupimwa macho, kwa hoja kwamba mtu hurudi nyumbani haoni vizuri, imeogopa ukungu wa saa chache na kusahau giza la maisha.

Ukungu upo, sikatai. Tropikamidi, dawa itumiwayo sana, hupanua mboni ndani ya dakika 20 hadi 30. Maandishi hufifia, jua huumiza macho, na kwa wengi hali hurudi kawaida baada ya saa 4 hadi 8. Lakini mboni isipopanuka, mpimaji huchungulia chumba kizima kupitia tundu la ufunguo. Madhara ya kisukari kwenye retina, ambayo mwanzoni hayaumi, yanaweza kumpita.

Hatari ya kweli ni nyingine: mwenye pembe finyu za jicho anaweza kupandwa ghafla na presha ya macho. Ni nadra, na ndiyo maana jicho hukaguliwa kabla ya tone. Taja mapema presha ya macho, maradhi ya moyo au mzio. Ukipata maumivu makali, jicho jekundu au kichefuchefu, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wewe wa Maweni, kijiji cha Manda, unayevuka kwenda kupimwa Lamu, chukua kofia, miwani ya jua na mwenzio. Nahodha asishike usukani siku hiyo. Mchonga mawe aweke tindo hadi kesho. Kibarua cha siku moja kinauma, najua. Jicho likienda, halirudi.