Ufunguo Si wa Majasusi Peke Yao
Mwenzetu ameandika kwamba kusimba mafaili kwa amri za kompyuta ni mchezo wa majasusi. Karani wa kahawa wa Kayanga au Nkwenda, asema, nywila inamtosha. Haimtoshi. Nywila hulinda kompyuta. Orodha ya wakulima, simu na kilo zao ikishatumwa Bukoba, iko uchi. GnuPG, programu ya kusimba, ni ya bure, na ufunguo wake huzaliwa kwa amri moja: gpg --full-generate-key.

Hapa angenibana, lakini hakupaona: diski ikifa, ufunguo wa siri usio na nakala hufa na mafaili yake. Basi unakili kwenye flashi, pamoja na cheti cha kuubatilisha, uifungie mbali na kompyuta. Na kulinda orodha hiyo si hiari: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde, hata wilayani Kyerwa.