Pikipiki na Maisha ya Mtumishi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kuwaeleza wanachama wenzangu wa Kasulu, Kibondo na kwingineko sababu zilizonifanya niache kupanda pikipiki, nami nimeipanda miaka mingi katika safari za kazi. Sisemi haya ili kuwatia watu hofu, wala kuwalaumu vijana wapatao riziki yao kwa bodaboda. Shabaha yangu ni kwamba jambo hili lisiachiwe kila mtu peke yake, bali Chama kilishike.

Sisi tuzijuao njia za Uha twafahamu taabu zake. Mvua zikianza, udongo mwekundu wa vilimani huteleza kama sabuni. Na wakati wa kiangazi vumbi la gari lililo mbele humziba macho mpanda pikipiki, asione shimo, wala mbuzi, wala mtoto. Wako wasemao kwamba taabu hiyo itakwisha kwa lami, ambayo imekuwa ikiwekwa katika njia ya kilomita 260 itokayo Kabingo hata Manyovu kwa kupitia Kasulu. Nami naifurahia lami. Walakini lami huondoa utelezi, haiondoi haraka. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama kwa breki huzidi mara nne. Na malori na mabasi hupita njia ile ile yenye waenda kwa miguu, na ng'ombe, na baiskeli zilizopakia mikungu ya ndizi. Mwenye gari ana bati baina yake na lori. Mwenye pikipiki, mwili wake ndio bati.

Yuko atakayejibu: ajali haina kinga. Methali hii twaitumia vibaya. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, afisa wa Kiingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake akiwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli, akafa baada ya siku sita. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Hugh Cairns, mmoja wa madaktari walioitwa kumtibu, hakuridhika kusema kwamba siku zake zilikwisha. Alichunguza vifo vya askari wapanda pikipiki, akatangaza aliyoyaona mwaka 1941. Na mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake kuvaa kofia ngumu wawapo kazini. Hesabu ya uchunguzi mwingi iliyokusanywa mwaka 2008 ilionyesha kwamba kofia hiyo hupunguza vifo kwa 42 katika kila 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika kila 100. Basi kinga ipo. Lakini hesabu hiyo hiyo yatwambia kwamba hata avaaye kofia bado amebakiwa na hatari kubwa. Na kofia haikingi mguu wala uti wa mgongo.

Jibu la pili ni zito zaidi: kazi itafanywaje? Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwagawia maafisa ugani pikipiki, na bila shaka wakulima wa vijiji vya mbali wamefaidika. Muuguzi achukuaye chanjo hawezi kungoja basi. Kwa hiyo sisemi kila mtu aache. Kazi yangu mimi ni ya mafaili na hesabu. Barua ikifika Kibondo kesho badala ya leo, hapana afaye. Kila mtu na ajiulize: je, safari hii yastahili hatari yake? Nilipojiuliza mimi, jibu lilikuwa hapana. Sasa napanda basi, na pa karibu naenda kwa miguu. Nafika nimechelewa, na mkuu wangu amekwisha kununa mara mbili, lakini nafika.

Naomba Chama kiyapeleke kwa wakubwa mambo matatu. Kwanza, mtumishi asitumwe kwa pikipiki usiku, wala katika mvua kubwa, kwa shughuli iwezayo kungoja. Pili, kila pikipiki ya kazi iwe na kofia mbili, ya mwendeshaji na ya abiria, na mishikaki ikomeshwe kabisa. Tatu, kila safari iandikwe kitabuni kabla ya mtu kuondoka. Hili la tatu wengi hulidharau. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa Sheria ya mwaka 2008, humfidia aliyeumia kazini. Lakini aliyetumwa kwa neno la mdomo, juu ya pikipiki ya kuazima, atathibitishaje kwamba alikuwa kazini? Naye akiwa amekufa, mjane wake ndiye atakayeulizwa.

Pikipiki ikiharibika, huandikwa barua, ikaletwa nyingine. Karani akifa, huandikwa barua vile vile, na kiti chake kikapata mtu. Nyumbani kwake hapaletwi mwingine.

Wenye maoni mengine na waandike, tushauriane.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Karani wa Kasulu