Kukumbuka vichupo si kuhifadhi kazi

Na Rehema Kombo

Dhoruba ya Mei 28, 2024 iliwaacha bila umeme mamia ya maelfu ya wateja wa Dallas, Fort Worth na miji inayoizunguka, huko Texas. Julai 8 mwaka huohuo ikawa zamu ya Houston: kimbunga Beryl kiliwakatia umeme wateja zaidi ya milioni 2. Watu walihangaika na majokofu na viyoyozi, na ni haki yao, maana joto la kiangazi la Texas linaua. Lakini umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya mezani nayo huzimika papo hapo, na aliyekuwa akiandika kazi ya chuo au maelezo ya zamu kwenye kihariri cha maandishi huja kujua alichopoteza siku umeme unaporudi. Hapo lawama huanza: mbona jana kilinirudishia kila kitu? Kwa maoni yangu kihariri kinaonewa. Kukumbuka ulichofungua na kutunza ulichoandika ni kazi mbili, nasi tumezoea kuziona moja.

Waliotunga vihariri vya zamani walizitenganisha waziwazi. Kwenye Vim, amri ya mksession huandika faili inayoeleza madirisha yalivyopangwa na faili zipi zilikuwa wazi. Maneno ambayo hujayahifadhi hayamo humo hata moja. Hayo hutunzwa kwenye faili nyingine yenye mkia wa .swp, ambayo kwa kawaida huandikwa diskini baada ya herufi 200, au ukipumzisha vidole kwa sekunde 4. Emacs nayo ina utaratibu mmoja wa kukumbuka faili zilizokuwa wazi, na mwingine wa kuandika nakala ya dharura. Ni usumbufu, sikatai, ila ulimlazimisha mtumiaji kujua kitu chake kiko wapi.

Raha ilikuja baadaye. Notepad++ tangu 2014, VS Code tangu 2016 na Notepad ya Windows 11 tangu 2023 zinakuruhusu kufunga bila kuulizwa lolote, na ukifungua tena unakuta vichupo vyako vyote, hata visivyo na jina. Ndivyo tulivyoanza kuishi na “new 1”, “new 2”, mpaka “new 30” za Notepad++. Tazama kinachofanyika huko nyuma. Kila sekunde 7, Notepad++ huweka nakala ya mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa kwenye folda ya backup, na jina la nakala huwa kama new 1@ likifuatiwa na tarehe na saa. Kisha faili moja tu, session.xml, ndiyo inayosema nakala ipi ni ya kichupo kipi. Umeme ukikatika wakati orodha hiyo inaandikwa, Windows yaweza kuwa imeshasajili ukubwa wa faili ilhali yaliyomo bado yako kwenye kumbukumbu ya muda. Ukiwasha unakuta faili ya ukubwa uleule, ndani imejaa herufi tupu: NUL, NUL, NUL. Kihariri kinaweza kushindwa kuisoma, kikakufungulia ukurasa mtupu, na zile nakala zikabaki kwenye folda bila wa kuziulizia.

Wapo watakaosema laptopu ina betri. Inayo, lakini betri inakupa muda wa kuhifadhi; haihifadhi kwa niaba yako, wala haizuii programu kuanguka yenyewe. Wengine watasema siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Hati ya Google Docs, sawa. Kichupo kisicho na jina kwenye kihariri cha kompyuta yako hakijapelekwa popote. Pingamizi lenye uzito ni la tatu: kusimama kutafuta jina na folda kunakata mawazo, na raha ya vihariri hivi ni kwamba wazo unalimwaga tu. Nakubali, na sisemi mtu azime urejeshaji. Ila hata kipengele cha VS Code cha kuhifadhi chenyewe huandika faili zilizokwisha kupewa jina tu. Zisizo na jina huziacha kwenye nakala za akiba. Jina lolote linatosha, hata “rasimu”. Likishakuwepo, kazi inatafutika, inanakilika, na inaweza kukaa kwenye folda inayopelekwa mtandaoni.

Kwa yule ambaye tayari amefungua akakuta ukurasa mtupu, kosa la kawaida ni kufunga na kufungua mara kadhaa akitumaini vichupo vitarudi vyenyewe. Kila Notepad++ inapofungwa, huandika session.xml mpya juu ya ile ya zamani. Bora uiache wazi, uingie %APPDATA%\Notepad++, unakili folda ya backup na session.xml mahali pengine, kisha uzifungue nakala moja moja ukianza na iliyobadilishwa karibuni. Wa Vim akionywa kwamba kuna faili ya .swp asiifute, achague kurejesha, ahifadhi kwa jina jingine, alinganishe na faili ya awali, ndipo aitupe ile ya .swp.