Ukumbi wa Nyumbani: Tarakimu Zinazorudi Zikiwa Maneno

Vijana wengi sasa wanajifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo Python, na mara nyingi hupenda kuanza na hesabu ya matumizi ya nyumbani. Ni jambo jema. Lakini baba akiwa kazini mbali na mshahara ukiwa ule ule mmoja, mama asiende sokoni kwa hesabu hiyo kabla ya kuikagua.

Programu hugawanywa katika vipande viitwavyo fanksheni. Fanksheni ni kama mtoto aliyetumwa dukani: hupewa kazi, nayo hutazamiwa kurudi na kitu mkononi. Shida ni aina ya kitu hicho. Katika Python 3, kila kinachosomwa kutoka kwenye kibodi kwa amri ya “input” hurudi kikiwa maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Basi sukari ya shilingi 5000 na sabuni ya shilingi 3000 zikijumlishwa, hazitoi 8000. Hutoa 50003000, kwa sababu maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu, na mashine hailalamiki hata kidogo. Dawa yake ni kuyageuza kuwa namba kwa “int” humo humo ndani ya fanksheni, kabla ya kurudisha jibu. (Anayeandika 3,000 kwa mkato atakataliwa na “int”, aandike 3000.)

Kosa la pili lina kelele, na kwa maoni yetu hilo ndilo afadhali. Kijana huandika “print”, akaona jibu kwenye kioo, akaridhika. Kumbe kuonyesha si kurudisha. Fanksheni isiyo na “return” hurudisha None, yaani si chochote. None ikitolewa katika mshahara, programu husimama na kutangaza TypeError. Wengi hukimbilia kurekebisha mstari uliotajwa, au kulifunika kosa lisionekane. Huko ni kumwadhibu mlinzi aliyepiga filimbi. Sababu imo ndani ya fanksheni yenyewe: “print” iondolewe, “return” iwekwe.

Katika Python 3, mwandishi aweza kutangaza mwanzoni, kwa alama “-> int”, kwamba fanksheni yake itarudisha namba kamili. Python haimlazimishi kutimiza ahadi hiyo, ila kikaguzi kama mypy huisoma programu kabla haijaendeshwa, kikaonyesha ilipovunjwa.

Mama asiyejua lolote katika hayo aombe programu ijumlishe 2 na 3 mbele yake. Ikijibu 23, daftari la zamani liendelee kutumika mpaka kijana amalize kazi.