Tusingojee sale ndipo twende ku komini

Kwetu huku Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, vijana wengi wa karyere wanaishi na bibi zao miaka mitano, miaka kumi, na watoto watatu, lakini ku komini hawajaingia. Ukiwauliza, jibu ni moja: «Tunatafuta kwanza feza ya sale.» Sale, viti mia tatu, pombe, pagne moja kwa familia nzima, motokari za kortege. Sisi tunasema ile ni karamu. Ndoa ni kitu ingine.

Kode ya familia, ile ya 1987 iliyogeuzwa mu 2016, haiombi sale. Inaomba muwe na miaka 18, mukubaliane nyinyi wawili, na dote itolewe, hata sehemu yake tu. Na Kode ya kazi inamupa mufanyakazi siku 2 juu ya ndoa yake. Wazazi, mashahidi, wandugu wachache: inatosha.

Wengine watasema: «Tulishafunga mu familia, wakubwa walikula mbuzi.» Vizuri, sheria inaijua ndoa ya namna ile. Lakini ofisa wa etasivili lazima aiandike. Tunajua mambo inavyoenda wakati udongo unaangukia mutu. Kilio haijaisha, wandugu wameshabeba televizyo na karatasi za parsele. Mama anaenda ku ofisi ya kompani, anaenda ku CNSS, kote wanamuuliza akte ya ndoa. Anatoa telefone, anaonyesha picha ya siku ya dote, yeye na pagne yake mupya. Picha nzuri kabisa. Haimusaidie kitu.

Ku komini watawauliza pia mali yenu itakaa namna gani: kila mutu na yake, ao yote pamoja, ao ile tu mutapata pamoja tangu siku ya ndoa. Muzungumuze hiyo nyumbani, si kuanza kunong'onezana mbele ya burgumesta.

Sasa picha. Hatuzikatai, ndoa ndogo inapiga picha nzuri kuliko ile ya watu mia tatu, juu kila uso unaonekana. Lakini musikubali wapiga picha sita wa mu kiwanja cha komini wawarukie, kisha wawafuate mupaka ku teksi na deni. Chagueni mumoja, mupatane bei na hesabu ya picha mbele ya kuingia. Aombe ruhusa kwa ofisa, na flashi azime wakati sheria inasomwa. Ofisi nyingi ziko na giza: asimame yeye karibu na dirisha, mwangaza uwaangukie nyinyi ku uso. Tunamuomba vitu vinne tu: mukono ku bendera wakati wa kusema ndiyo, baba wa bibi akijibu kama dote ilifika (uso wake ile saa, hakuna sale inaweza kuuzisha!), mashahidi wakitia sinyatire, na livre ya menaje mikononi mwenu. Inje, mutafute kivuli cha muembe. Jua ya saa sita inatoboa macho.

Mutoe picha mbili tatu ku karatasi, telefone zinaibiwa. Na akte, mufanye kopi mara moja: moja ilale kwa mama-mukwe, mbali na nyumba yenu.